Komisioneri wa ndani ya seli: jibu nililochelewa kumpa mjomba



Leo nataka tuzungumze juu ya protini moja ndogo inayoitwa Grb2. Najua kuko atakayesema: huyu naye, sisi tuko na shida ya barabara, ya vita na ya kolera, yeye anatuletea protini. Nivumilieni kidogo. Hii protini nimekutana nayo mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye silabasi, nilipokuwa nasoma Bukavu. Niliikariri pamoja na mishale yake yote, nikapata 16 kwa 20. Mara ya pili ilikuwa ndani ya tumbo la mjomba wangu pale Baraka, na sikuitambua.

*Jiwe la upande wa kushoto*

Mjomba alikuwa fundi wa mitumbwi. Ninyi mliokulia karibu na maji mnawajua watu wa aina yake: asubuhi yuko ufukweni na nyundo, jioni bado yuko palepale anaziba nafasi za mbao kwa pamba, na watoto wote wanamwita babu hata kama hana mvi.

Niliporudi likizo kubwa nilimkuta amepunguka sana. Mkanda wake alikuwa ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Usiku alikuwa anatoka jasho mpaka mama-mkubwa anabadilisha shuka. Akila bugali, matonge matatu tu, anasema ameshiba. Na upande wa kushoto, chini ya mbavu, kulikuwa na kitu kigumu, kikubwa, ambacho hata shati halikukificha.

Siku moja akanishika mkono, akauweka juu ya kile kitu.

"Mwipwa, weye njo ulisoma mambo ya mwili. Hii jiwe ni ya nini?"

Nikajibu bila hata kufikiri: "Ni bandama, mujomba. Ni palu ya siku mingi. Ukimeza dawa itapunguka."

Nusu ya jibu langu ilikuwa kweli. Ilikuwa bandama. Nusu ya pili ilikuwa uongo, ingawa sikujua kwamba nadanganya. Alikuwa amepimwa GE, kile kipimo cha tone la damu cha kutafuta malaria, ikatoka na wadudu. Akapewa dawa. Baada ya mwezi akapimwa tena, tena wadudu, tena dawa. Majirani walisema ni sumu. Mtu mmoja alimchanja chale juu ya tumbo, na zile alama alizikwa nazo. Ulipita karibu mwaka mzima kabla ya kufikishwa hospitali moja ya Bukavu, na kule mtu wa labo akahesabu chembe nyeupe za damu. Mtu mzima mwenye afya yuko na kama 4,000 mpaka 10,000 kwa kila mikrolita ya damu. Mjomba alikuwa na zaidi ya 200,000.

Daktari aliandika herufi tatu: LMC. Ni aina ya kansa ya damu, lukemia ya mieloidi inayokwenda polepole. Lakini kwa mjomba ule upolepole ulikuwa umekwisha. Ugonjwa ulikuwa umeingia hatua yake ya mwisho, ambapo chembe changa zisizokomaa zinajaa damu kwa haraka. Tulikuwa tungali tunatafuta njia ya dawa alipotuacha.

Baada ya matanga nilifungua lile daftari langu la zamani. Grb2 ilikuwa pale, na mshale wake umepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nikaona kwamba jibu la swali la mjomba nilikuwa nalo siku zote kwenye begi. Basi ngoja nilitoe leo, kwa namna ambayo yeye mwenyewe angelielewa.

*Seli haijiamulii kukua*

Tuanze na jambo rahisi. Mwili wako una seli nyingi mno, na karibu kila moja inaweza kujigawa ikawa mbili. Kama kila seli ingejigawa inapotaka, tusingekuwa watu, tungekuwa rundo la nyama. Kwa hiyo seli inangoja ruhusa. Ukijikata mguu kwa jembe, seli za pembeni mwa kidonda zinapewa ruhusa, zinajigawa, kidonda kinafunga, kisha ruhusa inaondolewa.

Ruhusa hiyo inaletwa na vitu vidogo vinavyotembea nje ya seli, vinavyoitwa vichocheo vya ukuaji. Kimoja kinachojulikana sana ni EGF. Mmarekani Stanley Cohen alikigundua kwenye tezi za mate za panya. Alipowachoma sindano watoto wa panya, walifungua macho mapema kuliko kawaida. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1986 pamoja na mama Rita Levi-Montalcini wa Italia.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. EGF haiingii kwenye kiini cha seli kutoa habari. Inabaki nje, inabisha mlango. Mlango huo ni protini ndefu inayopita katikati ya ngozi ya seli: kichwa kiko nje, mkia uko ndani. Tunaiita kipokezi. Uamuzi wa kujigawa unafanyika mbali, ndani kabisa ya kiini, kwenye kromosomu. Habari inatoka vipi mlangoni mpaka kule?

Kwa miaka mingi wanasayansi walijua mwanzo wa njia na mwisho wake. Katikati hawakuona. Mwanzoni waliona kwamba kichocheo kikifika, vipokezi viwili vinakaribiana na kila kimoja kinaubandika mkia wa mwenzake alama za fosfeti, kwenye sehemu zinazoitwa tirozini. Kwenye mwisho wa njia waliijua protini inayoitwa Ras. Hii Ras ni kama swichi ya taa. Ikizimwa, seli imetulia. Ikiwashwa, inaipa Raf amri, Raf inaipa MEK, MEK inaipa ERK, na ERK inaingia kwenye kiini kufungua jeni za kujigawa. Na Ras nayo ina mtu wake wa kuiwasha, protini inayoitwa SOS. (Siyo ile SOS ya kuomba msaada, ni jina tu.)

Lakini SOS inazunguka ovyo katikati ya seli, na Ras imefungwa kwenye ngozi ya seli kwa mkia wa mafuta. Mwenye ufunguo yuko sokoni, mlango uko ufukweni. Nani anamleta?

*Komisioneri*

Hapa nawaomba mfikirie soko la Baraka siku mitumbwi ya ndagala inapofika kutoka Ubwari. Mfanyabiashara ametoka Misisi na dola zake mfukoni. Hamjui mtu. Mwenye samaki yuko kwenye mtumbwi, naye hamjui huyo tajiri. Katikati yao anatokea komisioneri. Huyu hana samaki. Hana feza. Hana gari. Kazi yake ni moja: mkono mmoja anamshika mnunuzi, mkono mwingine anamshika muuzaji, anawasimamisha pamoja. Biashara wanaifanya wao wenyewe.

Grb2 ni komisioneri. Wataalamu wanaiita protini-kiunganishi. Ni ndogo: asidi amino 217 tu, wakati kipokezi cha EGF kina zaidi ya 1,000. Haikati kitu, haichomi kitu, haibandiki fosfeti kwenye protini yoyote. Ina mikono tu, na mikono yenyewe ni mitatu.

Mkono wa katikati unaitwa SH2. Huu una mfuko mdogo ambamo tirozini yenye alama ya fosfeti inaingia barabara. Bila fosfeti, hauishiki. Na haushiki kila tirozini yenye fosfeti: unaangalia pia majirani zake kwenye mkia, kama komisioneri mzuri anavyomjua mteja wa kweli kwa macho. Mikono miwili ya pembeni inaitwa SH3. Hii inapenda sehemu zenye prolini nyingi, na SOS ina sehemu kama hizo. Kwa hiyo hata kabla ya habari kufika, Grb2 mara nyingi inatembea tayari imeishika SOS.

Sasa EGF inabisha. Vipokezi vinabandikana fosfeti. Mkono wa SH2 unaona alama, unaikamata. Na kwa kuwa ule mkono mwingine umeshika SOS, SOS nayo inavutwa mpaka kwenye ngozi ya seli, palepale Ras ilipofungwa. Ufunguo umefika mlangoni. Ras inawaka, Raf, MEK, ERK, kiini, seli inajigawa.

Angalieni kitu kimoja ambacho mimi nilikikosa wakati ule nakariri. Kikubwa alichofanya Grb2 ni kuileta SOS karibu. SOS ilikuwa tayari na uwezo wake wa kuwasha Ras, lakini ilikuwa mbali. Katika seli, kuwa karibu ni nusu ya kazi. Ndiyo maana mtu anaweza kuangalia seli yenye kila kitu, kipokezi kizima, SOS nzima, Ras nzima, na bado habari haifiki, juu komisioneri hayuko. Watafiti waliwahi kuondoa jeni ya Grb2 kwa panya: watoto hao hawakuzaliwa kamwe, walikufa tumboni wakiwa bado wadogo sana.

*Kuku, mnyoo na nzi*

Mtaniuliza: walijuaje yote haya, na vitu hivi havionekani?

Njia ilianzia kwa kuku. Mwaka 1911 Peyton Rous, mjini New York, alionyesha kwamba uvimbe wa kuku unaweza kupitishwa kwa kuku mwingine kwa maji yaliyochujwa, yasiyo na seli hata moja. Ndani yake mlikuwa na virusi. Watu hawakumjali sana. Nobeli aliipata mwaka 1966, zaidi ya miaka 50 baadaye. Virusi hivyo vilibeba jeni iliyoitwa Src, inayobandika fosfeti kwenye tirozini. Mwaka 1986 Tony Pawson na wenzake, huko Kanada, wakitazama protini za jamii hiyo waliona kipande kinachojirudia ambacho chenyewe hakibandiki fosfeti, lakini kina umuhimu. Wakakiita SH2. Huo ndio mkono wetu.

Mwaka 1988, katika labo ya Mjapani Hidesaburo Hanafusa, New York, virusi vingine vya kuku vilileta jambo la ajabu. Vilikuwa na jeni ya kansa iliyoitwa Crk, na protini yake ilikuwa mikono mitupu, SH2 na SH3, bila kazi nyingine yoyote. Kumbe hata komisioneri peke yake, akivurugika, anaweza kuleta kansa.

Halafu mwaka 1992 watu wawili wakafika mahali pamoja kwa njia mbili. Kundi la Joseph Schlessinger, New York, lilikamata Grb2 ya binadamu kwa kutumia mkia wa kipokezi wenye fosfeti kama chambo, vile mvuvi anavyotega ndoano. Mwaka uleule kundi la Robert Horvitz, huko Massachusetts, lilikuwa linachunguza mnyoo mdogo wa udongoni wa milimita moja. Minyoo yenye kasoro kwenye jeni moja ilishindwa kutengeneza kiungo cha kutagia mayai. Jeni hiyo ilipotazamwa, ilikuwa ni Grb2 ya mnyoo. Mwaka uliofuata ikapatikana kwa nzi wa matunda pia, kwenye kazi ya kujenga jicho. Mnyoo, nzi na mtu wa Baraka, wote komisioneri wao ni mmoja. Mungu au maumbile, semeni mpendavyo, hakuona sababu ya kumbadilisha.

*Mteja wa uongo*

Sasa turudi kwa mjomba.

Ndani ya mifupa kuna uboho, kiwanda cha damu. Kule seli zinajigawa mchana na usiku, lakini kwa ruhusa. Siku moja, katika seli moja tu ya uboho wa mjomba, kromosomu namba 9 na namba 22 zilikatika, zikabadilishana vipande. Hakuna aliyemroga. Hakurithi kwa baba yake, na watoto wake hawakurithi kwake. Ni ajali tu ndani ya seli. Kromosomu 22 iliyobaki fupi ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1960 katika mji wa Philadelphia, na mpaka leo inaitwa kwa jina la mji huo. Mwaka 1973 mama Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kipande kilichopotea hakikupotea, kilihamia kwenye kromosomu 9.

Pale zilipoungwa vibaya, jeni mbili zisizojuana, BCR na ABL, zikawa moja. Protini yake, BCR-ABL, inabandika fosfeti bila kungoja amri ya mtu. Na inajibandika yenyewe pia. Moja ya sehemu inazojibandika ni tirozini namba 177. Mkisikia hiyo namba ikumbukeni, kwa sababu hapo ndipo komisioneri wetu anapokamatia. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1993.

Mnaona kinachotokea? Grb2 haina kosa lolote. Ni nzima, haikubadilika hata herufi. Imeona fosfeti pamoja na majirani inaowajua, imenyoosha mkono, imeleta SOS, kama ilivyofundishwa tangu enzi za mnyoo. Lakini aliyeita si kichocheo cha ukuaji. Ni mteja wa uongo, anayepiga kelele sokoni saa 24, leo, kesho, mwaka mzima. Na komisioneri mwaminifu anaendelea kuleta, anaendelea kuleta. Ras haizimiki. Uboho unajaa, chembe nyeupe zinamwagika kwenye damu, bandama inajaribu kuzipokea inavimba mpaka inakuwa jiwe.

Watafiti walifanya jaribio ambalo mimi kila nikilifikiria nanyamaza. Waliwapa panya seli zenye BCR-ABL, panya wakapata ugonjwa unaofanana na LMC. Kisha wakabadilisha ile tirozini 177 tu, ile sehemu moja ya kushikia, wakaacha mengine yote. Panya hawakupata tena ugonjwa ule wa uboho. Walipata matatizo mengine, yaliyochelewa, kwa sababu BCR-ABL ina njia nyingine pia. Lakini ule uliomuua mjomba ulihitaji mkono huo mmoja.

*Kidonge*

Basi mtu atasema: tumuue komisioneri. Haiwezekani. Mmeona panya wasio na Grb2: hawazaliwi. Kila kidonda chako, kila ngozi mpya, inamhitaji.

Dawa ilipatikana kwa kumnyamazisha mteja wa uongo. Inaitwa imatinibu. BCR-ABL inatoa fosfeti zake kwenye ATP, na ATP inakaa kwenye shimo maalumu la hiyo protini. Imatinibu inaziba hilo shimo. Hakuna fosfeti, tirozini 177 iko tupu, mkono wa Grb2 hauna cha kukamata, SOS inabaki sokoni. Brian Druker, daktari wa Oregon, ndiye aliyesukuma majaribio kwa wagonjwa, na Marekani iliruhusu dawa hiyo mwezi wa 5 mwaka 2001. Ni vidonge, miligramu 400 kwa siku, unameza nyumbani. Kabla yake wengi waliokosa kupandikizwa uboho walikuwa wanakufa ndani ya miaka michache. Katika utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa walioanza na dawa hiyo, baada ya miaka 10 zaidi ya 80 kwa kila 100 walikuwa hai.

Na hii si habari ya Ulaya tu. Tangu miaka ya 2000 kiwanda chake, Novartis, pamoja na shirika la Max Foundation, walianzisha mpango wa kutoa dawa hiyo bure katika nchi nyingi maskini. Kwa majirani zetu wa Kenya, kliniki ya mpango huo ilikuwa Nairobi Hospital, na madaktari wa pale wameandika kwamba wagonjwa wao wengi ni watu wenye nguvu za kazi, vijana kuliko wagonjwa wa Ulaya. Mwaka 2013 mahakama ya juu kabisa ya India ilikataa kuipa Novartis hati-miliki iliyoomba, viwanda vya India vikaendelea kutengeneza dawa hiyohiyo kwa bei ndogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa za lazima.

Yaani wakati naweka mkono wangu juu ya lile jiwe, kidonge kilikuwa kipo duniani. Kilikuwa kipo hata Afrika ya Mashariki. Kilichokosekana ni mtu wa kuleta karibu.

*Kwa hiyo tufanye nini?*

Sitawadanganya kwamba tukijua Grb2 basi Fizi imepona. Kipimo cha kuhakikisha BCR-ABL hakifanyiki kila mahali, kinahitaji mashine. Lakini kuko mambo matatu ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyabeba.

La kwanza. Kwetu watu wengi wanaishi na wadudu wa malaria kwenye damu hata siku wasiyougua. Kwa hiyo GE ikitoka na wadudu, imekuambia kwamba wadudu wapo. Haijakuambia kwamba wao ndio sababu ya kila kitu unachokiona. Mjomba alikuwa na malaria kweli. Na alikuwa na LMC kweli. La kwanza lililificha la pili.

La pili. Mtu mzima mwenye bandama kubwa, anayepunguka mwili, anayetoka jasho usiku, anayeshiba haraka, na ambaye dawa ya malaria imetumika vizuri na bandama haikurudi: aombe kuhesabiwa GB, chembe nyeupe. Hicho kipimo cha GB kinahitaji mikroskopu, kioo cha kuhesabia na mtu mwenye subira. Kuko sababu nyingi za bandama kubwa, na nyingi si kansa, hivyo msitishe watu. Lakini hesabu ikitoka makumi elfu mengi au zaidi ya laki, na kwenye kioo kuna chembe za kila umri, changa na nzee pamoja, huyo asirudishwe nyumbani na kinini. Apelekwe mbele, na karatasi ya matokeo iende naye.

La tatu ni kwa sisi tuliosoma. Mimi nilikuwa na mkono mmoja tu. Nilishika silabasi. Mkono wa pili, ule wa kumshika mtu aliyekaa mbele yangu, niliuacha mfukoni. Niliulizwa swali la kweli na mtu aliyenilipia minervali ya mwaka wa kwanza kwa pesa ya mitumbwi, nikamjibu kama watu wote wanavyojibu. Ningemwambia tu, "Mujomba, sijui, twende tuhesabu damu," ningekuwa nimefanya kazi yangu yote. Sikuhitaji kuwa daktari. Nilihitaji kumtoa ufukweni na kumsimamisha mbele ya mwenye mikroskopu, karibu mwaka mmoja mapema.

Mwaka jana nilipita Baraka. Mtumbwi wake wa mwisho bado unatembea, mtoto wake ndiye anayeuziba sasa. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama na yeye itampata, juu watu wamemwambia ni ya ukoo. Safari hii nilikaa chini kwenye mbao, nikamweleza kromosomu mbili zilizokatika, komisioneri na mteja wa uongo. Tulichora kwenye mchanga. Akauliza maswali kuliko wanafunzi wangu. Mwisho akasema, "Sasa baba hakurogwa." Nikamwambia hapana, hakurogwa.

Wadogo zangu mnaojiandaa na mtihani, mkifika kwenye ule mshale wa Grb2, msiupite haraka. Mwulizeni prof wenu anahesabu GB wapi.